Je, Wajua? Nyuzi Saba za Bibi wa Karagwe

Je, wajua kwamba kati ya picha za kwanza zilizochorwa Karagwe na mgeni kutoka Ulaya, nyingi ni kazi ya mgonjwa? Novemba 1861, maofisa wawili wa jeshi la Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe. Januari 1862 Speke akaendelea na safari ya Buganda. Grant alikuwa na kidonda mguuni na hakuweza kutembea, akabaki. Miezi ikapita, moja, mbili, tatu. Hadi Aprili ndipo akaondoka, amebebwa kwenye machela. Muda huo wote alikuwa mbali na mwenzake, mguu unauma, waganga wa hapa wanajaribu dawa zao. Akashika penseli na rangi za maji. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejeruhiwa vitani Lucknow, India, mwaka 1857, lakini alichora. Picha zake za safari ile zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Je, wajua kwamba mgonjwa huyo alisikiliza pia? Katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863 mna maelezo ya Grant kuhusu muziki wa Karagwe, na ala aliyoisifu kuliko nyingine za nyuzi ni ile aliyoiandika nanga. Sisi twaijua kama enanga. Anasema aliisikia ikipigwa na bibi mmoja mzee. Kati ya sauti saba za ala ya bibi huyo, sita zilikuwa zimepangika sawasawa kama ngazi ya muziki aliyoizoea kwao; ya saba tu ndiyo aliyoiona ina kasoro.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mgeni alihesabu nyuzi, akapima sauti, akaandika hukumu yake. Alifanya hivyo kwa uaminifu, na leo tunafaidika. Lakini uzi ule wa saba, ambao kwake ulikuwa na kasoro, bibi aliukaza mwenyewe kwa mikono yake na kwa sikio lake. Huenda masikio ya jirani aliyeketi kando yake yalisubiri uzi huohuo. Ala moja, chumba kimoja, na watu wawili wanaondoka kila mmoja na muziki wake. Mambo mengi ya safu hii yanazunguka hapo.

Je, wajua enanga inavyotengenezwa? Ni gogo lililochongwa likawa kama hori dogo. Kila ncha ina meno. Ukiitazama utadhani ina nyuzi saba au nane, kumbe aghalabu uzi ni mmoja tu mrefu: unapita kwenye jino la upande huu, unavutwa hadi upande wa pili, unarudi, unakwenda tena. Zamani uzi huo ulisokotwa kwa kano za ng'ombe au nyuzi za mimea. Mpigaji huketi. Sauti ni ndogo, ya ndani ya nyumba, ya jioni watu wakiwa wametulia. Anayeitaka lazima asogee.

Je, wajua kwamba tendi za Wahaya zimepita humo? Profesa M. M. Mulokozi aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986, kuhusu tendi zinazoimbwa kwa enanga, za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja. Tumezoea kusikia kwamba enanga ni kazi ya wanaume. Na bibi wa Grant je?

Je, wajua kwamba ukivuka mto Kagera kuingia Rwanda, kisha ukashuka Burundi, jina hilohilo linakufuata? Kule ni inanga. Na Burundi kuna namna moja ya kuipiga ambayo kila mpweke angepaswa kuisikia japo mara moja. Mpigaji haimbi, ananong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini, ni pumzi na herufi tu. Lakini ukisikiliza utaapa kwamba mtu anaimba, na kwamba umesikia sauti yake ikipanda na kushuka. Mtafiti Cornelia Fales aliandika juu ya jambo hili mwaka 2002: tuni inatoka kwenye nyuzi, maneno yanatoka kwenye mnong'ono, na anayeviunganisha vikawa wimbo mmoja ni msikilizaji, ndani ya kichwa chake. Mimi sijapata kusoma jambo linaloeleza vizuri zaidi kwa nini watu wawili hawasikii wimbo mmoja. Sehemu ya wimbo huo inapikwa na wao wenyewe.

Je, wajua kwamba wapo watu ambao muziki hauwaambii chochote? Mwaka 2014 watafiti wa Barcelona walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wenye masikio mazima, wasio na sonona, wanaofurahi wakishinda fedha kama mtu yeyote. Wakipigiwa muziki, mapigo ya moyo na ngozi zao havionyeshi msisimko. Ni wachache, lakini wapo, na bila shaka wapo Kayanga na Nkwenda pia. Kwa hiyo ukimwekea rafiki mwenye huzuni wimbo uliokuponya wewe, naye akakutazama tu, usimwone mgumu wa moyo. Mjaribie hadithi, au mpeleke ukutani palipo na picha.

Je, wajua msikilizaji wa hadithi za Wahaya ana kazi gani? Msimulizi akifungua ngano husema kwamba alikuja, akaona. Wasikilizaji nao humjibu, wakimtaka aone ili nao wapate kuona. Peter Seitel, Mmarekani aliyezikusanya hadithi hizo, alilichukua jibu hilo likawa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Ni mapatano: wewe msimulizi tazama vizuri, sisi tutatazama kupitia macho yako.

Na je, wajua kwamba si kila mtu anaweza kuitimiza sehemu yake ya mapatano hayo? Mwaka 2015 Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake waliipa jina hali ya watu wasioona picha akilini: afantasia. Mwambie mmoja wao afumbe macho amwone ng'ombe mwenye pembe ndefu akinywa maji mtoni. Anajua maana ya kila neno lakini haoni kitu. Inakadiriwa ni kama mtu mmoja katika mia. Watoto wawili wamekaa kwa bibi yao, wanasikia ngano moja. Mmoja anaona zimwi hadi meno. Mwingine anasikia sauti ya bibi tu, na akikua, wakati wa upweke, kinachomrudia ni sauti ile, zimwi limeshasahaulika. Wote wawili wamepewa.

Je, wajua kwamba Rumanyika alikuwa na kitu kinachokaribia makumbusho? Henry Morton Stanley alifika Karagwe mwaka 1876, akaonyeshwa nyumba ya hazina. Aliorodhesha bata 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Wasio na vichwa! Stanley aliviona ni vitu vilivyotengenezwa kwa ufundi duni. Tena Karagwe ilikuwa na ng'ombe wa chuma, na masimulizi yanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfuachuma hodari. Mfugaji anayewajua ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe, hahitaji kuchongewa kichwa. Anakiweka mwenyewe. Hayo ni maoni yangu, sijayasoma popote, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba mafundi walioweza kutengeneza bata wenye mabawa walishindwa kutengeneza kichwa.

Je, wajua kwamba Waswahili walikuwapo Karagwe enzi hizo? Kafuro, karibu na Bweranyange, ikulu ya Rumanyika, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara kutoka pwani na Arabuni. Stanley alimkuta hapo Hamed bin Ibrahim. Kutoka Kafuro hadi kuiona bahari ni safari ya miezi kwa miguu. Tunazungumza sana juu ya pembe na nguo walizobadilishana watu wale. Nyimbo walizojiimbia usiku hakuna aliyeziandika.

Je, wajua kwamba Kiswahili kina zaidi ya neno moja kwa hali ya mtu aliye peke yake? Kuwa peke yako si lazima kuwe kubaya. Upweke tayari una uzito, na wahenga walisema upweke ni uvundo. Halafu kuna ukiwa, na mwenye hali hiyo ni mkiwa: aliyefiwa, aliyebaki bila watu wake. Mpweke anaweza kumaliza upweke wake kwa kubisha hodi kwa jirani. Mkiwa anabisha, anafunguliwa, anakaribishwa chai, bado ni mkiwa. Ndiyo maana wimbo wa harusi unaopita barabarani unaweza kumfurahisha wa kwanza na kumliza wa pili.

Je, wajua kwamba upweke si ugonjwa wa Wazungu? Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya tume yake kuhusu uhusiano wa kijamii. Mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke. Vifo vinavyohusishwa na hali hiyo vinakadiriwa kuwa zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Sasa shika hili: katika nchi zenye kipato cha chini waliosema wana upweke ni kama asilimia 24, na katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Tumejidanganya kwamba ukoo mkubwa, ndizi za kutosha na majirani wa kila upande vinatosha kuwa kinga.

Je, wajua kwamba Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, iliwahi kuwa jina la kambi ya wakimbizi? Kyerwa yenyewe ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Lakini mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walipovuka kutoka Rwanda kwa siku moja hivi na kuingia Ngara, wengine wengi walifuata, na Karagwe ikapokea makambi: Rubwera, Chabalisa, Omukariro, Kagenyi. Walikaa hadi mwishoni mwa 1996. Watu hao walitoka katika nchi ya inanga, wakatua katika nchi ya enanga. Ala ileile, karibu jina lilelile. Mwenyeji akiisikia jioni anasikia nyumbani. Mkimbizi akiisikia anasikia nyumbani alikofukuzwa.

Je, wajua kwamba wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini Tanzania walikuwa wa Mkoa wa Kagera, mwaka 1983? Miaka iliyofuata haihitaji kupambwa. Migomba ilibaki bila wa kuipalilia. Mabibi walilea wajukuu. Aliyeugua alikaa chumbani peke yake kwa sababu watu waliogopa hata kikombe chake.

Ng'ambo ya mpaka, Uganda, mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza mwaka 1989 kwamba ana virusi. Alikuwa mtu maarufu wa kwanza wa nchi yake kufanya hivyo hadharani. Wimbo aliouacha unaitwa Alone and Frightened, na jina hilo linasema juu ya mtu aliye peke yake na mwenye hofu. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Mtu mzima aliyeusikia wimbo ule aliusikia kama onyo. Kijana aliyeupenda muziki tu aliucheza. Na aliyekuwa amejifungia chumbani alisikia kwamba kuna mtu mmoja, tena mwenye jina kubwa, anayejua kilichomo ndani ya chumba kile. Mimi naona hiyo ya tatu ndiyo kazi kubwa zaidi ambayo wimbo unaweza kufanya.

Je, wajua vitabu vya kumbukumbu? Miaka ya 1990, akina mama wa Uganda wanaoishi na VVU, katika chama chao cha NACWOLA, walianza kuwatengenezea watoto wao vitabu kwa mkono. Humo mna ukoo, picha, siku mtoto alipozaliwa, alivyokuwa akilia, chakula alichopenda, kijiji cha babu. Mama hakuwa msanii. Alibandika, akachora maua pembeni, akaandika kwa kalamu ya wino. Katika kitabu hicho mtoto wa miaka minane anatazama picha. Akifika kumi na nane anausoma mwandiko, anaona mahali mkono wa mama ulipoanza kuchoka. Karatasi hazijabadilika hata kidogo.

Je, wajua kwamba watu huusikiliza muziki wa huzuni kwa hiari? Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwauliza watu 772, wakachapisha majibu mwaka 2014. Hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni. Ilikuwa ile hamu tamu na chungu ya mambo yaliyopita.

Je, wajua kwamba Tanzania nzima iliimba lugha ya Kagera bila kuijua? Mwaka 2001 Saida Karoli alitoa Maria Salome, na maneno yake mengi ni Kihaya. Kuanzia Mtwara hadi Kigoma watu waliucheza. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya. Kwa Mnyambo wa Karagwe au Mhaya aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, amepanga chumba kimoja Manzese, wimbo ule ulikuwa lugha ya mama ikitoka ghafla kwenye redio ya jirani asiyejua hata salamu ya Kihaya. Jirani alisikia ngoma. Huyu aliitwa nyumbani.

Je, wajua zile kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam? Wakubwa mnazikumbuka. Unaijaza kadi, unataja majina ya wa kuwasalimia, unaituma kwa posta, unasubiri kwa wiki kadhaa huku redio iko sikioni. Kisha siku moja mtangazaji anasoma jina lako, anataja jamaa zako mmoja baada ya mwingine, na wimbo mmoja unawaendea wote: mchumba, shemeji, mwalimu wa zamani, rafiki aliyeko migodi ya bati Kyerwa. Kila mmoja aliuchukua kama barua yake peke yake.

Je, wajua wimbo wa msibani unavyogawanyika? Kilio huanza mfiwa, wa mbali akaingia. Kwaya inaimba kwa ajili ya wote, lakini mwimbaji wa sauti ya tatu anayeona mjane ameinua kichwa anajua nani hasa anaimbiwa.

Je, wajua Aniceti Kitereza? Alikuwa mtu wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa, na lugha yake ya Kikerewe ni ndugu wa karibu wa Kinyambo, Kihaya na Kizinza. Yeye na mkewe, Anna Katura, hawakubaki na mtoto. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, riwaya ndefu juu ya mume na mke wanaopendana na wanaotafuta mtoto. Hakupata mchapishaji. Miaka ikapita, kumi, ishirini, thelathini. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa kama Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kitabu chenye tarehe ya 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi.

Wanafunzi hukisoma kutafuta mila za Wakerewe, na wanazipata: uvuvi, dawa, pombe ya ndizi, adabu za ukweni. Wenye watoto hukisoma wakacheka. Lakini mpe mke na mume ambao wameulizwa na ndugu kwa miaka saba "vipi, bado?" Watakuta humo watu wawili waliokataa kuachana, walioandikwa na mtu aliyejua. Nimewahi kukiazimisha kwa wasomaji wa namna zote mbili, na walivyonirudishia ungedhani niliwapa vitabu viwili tofauti.

Je, wajua majigambo? Wahaya huyaita ebyebugo. Mtu husimama mbele ya watu akajitaja kwa sifa, matendo yake na ushujaa wake. Mulokozi aliyaeleza katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, na wanafunzi wa sekondari hukutana nayo kama majigambo au vivugo. Tunayafundisha kama sanaa ya mashujaa. Siku moja nenda nayo chumbani, peke yako, ukijiona huna thamani. Simama, jitaje jina, taja jina la baba na la mama, taja jambo moja ulilolifanya vizuri.

Je, wajua jina la yule bibi aliyemsikilizisha Grant enanga? Mgeni ana jina, ana mahali alipozaliwa, ana mwaka wake wa kufa, 1892, na picha zake zina kabati Edinburgh. Mukama ana jina, na tangu 2019 kuna hata Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Bibi hana. Hatujui alikuwa anapiga nini jioni ile, wala alimkumbuka nani. Kama kwenu Bugene, Nyaishozi, Kaisho, Mabira au Murongo yupo mzee anayepiga enanga, au bibi anayejua ngano, nenda na simu yako wiki hii. Mrekodi. Mwulize wimbo huo unamwambia nini yeye. Na kabla hujazima, mwombe ataje jina lake kamili.